Muafaka wa Nani?

Mjini Ankara, Uturuki, zimebaki kuta za hekalu lililojengwa kumuenzi mtawala wa Roma, Augustus. Kwenye kuta hizo yamechongwa kwa Kilatini, pamoja na tafsiri ya Kiyunani, maelezo marefu ambayo mtawala huyo aliyaandika mwenyewe juu ya maisha yake na kuagiza yawekwe kwenye nguzo za shaba mbele ya kaburi lake Roma. Alifariki mwaka 14 BK. Nguzo za Roma zilipotea, na maandishi ya Ankara ndiyo yaliyotufikia yakiwa karibu kamili. Katika sehemu ya 34, moja tu kabla ya mwisho, mzee anatamka jambo zito: kwamba alipokwisha kuzima vita vya wenyewe kwa wenyewe, mamlaka yote ya nchi yalikuwa mikononi mwake kwa consensus ya watu wote.

Sisi consensus tunaiita muafaka, maafikiano, wakati mwingine maridhiano. Kiini chake ni hisia ya pamoja. Kinachonikera katika kauli ya Augustus ni hao "watu wote" aliowafungia ndani yake. Mwaka 32 KK, kabla ya kumkabili hasimu wake Antonius vitani, alitaka Italia nzima iape kuwa upande wake, na katika maandishi yale yale anasema iliapa kwa hiari. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba mji wa Bononia, ndio Bologna ya leo, ulisamehewa kiapo hicho kwa sababu tangu zamani ulikuwa chini ya himaya ya ukoo wa Antonius. Kumbe palikuwa na mji mzima uliojulikana kwamba hisia yake iko kwingine. Maelezo ya Augustus hayautaji.

Nimelichagua neno hili la kale kwa sababu linatutawala bado. Wanasiasa wetu wanatangaza muafaka kila msimu, vikao vinamaliza kazi kwa kauli moja, mahakama zinapima ridhaa ya watu kwa vipimo vilivyotengenezwa Roma. Nami naamini kwamba muafaka usiotajiwa mwenyewe ni neno la hatari, na kwamba sarufi ya Kilatini, ukiifuatilia, inatufundisha kuuliza ni wa nani.

Tuanze na umbo la neno. Con- ni kile kiungo cum, yaani pamoja na. Sentire ni kuhisi, kwa mwili na kwa akili pia. Mroma alihisi baridi kwa kitenzi hicho, na kwa kitenzi hicho hicho alikuwa na msimamo. Maoni ambayo seneta aliyatoa barazani yaliitwa sententia, neno la ukoo huo. Wanaisimu wengi hulirudisha shina lake nyuma zaidi, kwenye maana ya kwenda au kushika njia, na huliweka pamoja na neno la Kijerumani Sinn, maana au fikira, na neno la Kiairishi cha kale lenye maana ya njia. Kwa hiyo waliokuwa wakihisi pamoja walikuwa, kwa asili ya neno, watu wanaoelekea upande mmoja. Hilo linaonekana hadi leo katika maneno ambayo mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam huyatumia wakibishania mkataba: consensus ad idem. Ad ni kuelekea, idem ni kitu kile kile. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo kielelezo chake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inasema jambo hilo hilo bila Kilatini: watu huhesabiwa wamekubaliana pale wanapoafiki kitu kile kile kwa maana ile ile. Mmoja akiuza shamba la mlimani na mwingine akidhani ananunua la bondeni, sahihi zao mbili chini ya karatasi haziwafanyi kuwa wamekubaliana.

Kilatini kiliyagawa majina katika makundi matano kwa viishio vyake. Dominus, bwana, ni la kundi la pili, na wingi wake ni domini. Consensus linafanana nalo kwa sura, ila ni la kundi la nne, pamoja na sensus, hisia, na adventus, ujio, ambalo Wakatoliki wetu wanalijua kama Majilio. Mengi katika kundi hilo yametokana na vitenzi, nayo yanataja tendo lenyewe likitendeka. Wingi wa consensus huandikwa vile vile, consensus, ila irabu ya mwisho huvutwa. Anayefikiri wingi wake ni consensi atakuwa ameunda neno halisi la Kilatini, lakini neno hilo ni kitenzi cha nafsi ya kwanza umoja: nimekubali, mimi peke yangu. Alikuwa akitafuta maafikiano mengi, akampata mtu mmoja. Nimewahi kufikiri kwamba kosa hilo limebeba historia nzima ya viongozi waliosema "tumekubaliana".

Kuna kosa jingine, la wanaoandika concensus wakidhani neno limetokana na census. Census ni ukoo mwingine kabisa. Kitenzi chake ni censere, kukadiria na kuthamini, na census ilikuwa kazi ya kuwaandikisha raia wa Roma na mali zao. Kutoka huko tukapata sensa. Sensa huhesabu vichwa. Consensus huuliza vichwa hivyo vinaelekea wapi. Nchi inazihitaji kazi zote mbili, na shida huanza pale moja inapovaa nguo za mwenzake: wingi wa kura unapoitwa muafaka, au muafaka unapotangazwa pasipo mtu kuhesabiwa.

Sasa tumtazame Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliyelitumia neno hili kwa uzuri na kwa ubaya. Katika kitabu chake juu ya uaguzi, cha mwaka 44 KK, alihitaji neno la kubeba sympatheia ya Wayunani, ule uhusiano unaofanya kitu kimoja cha ulimwengu kikiguswa kingine kiitike. Aliweka mawili sambamba: concentus, sauti zinazopatana katika wimbo, na consensus. Matabibu wa Ulaya walioandika kwa Kilatini karne nyingi baadaye waliishika maana hiyo, wakaita consensus hali ya kichwa kuuma kwa sababu tumbo ni gonjwa. Naipenda sana maana hii. Hapa consensus si kukubali neno la mtu mwingine, bali ni kuguswa na kilichomgusa.

Lakini Cicero mwanasiasa alikuwa na consensus nyembamba zaidi. Mwaka 63 KK, akiwa konsuli na njama ya Catilina ya kuipindua serikali imefichuka, alijivunia consensus omnium bonorum, ya watu wema wote. Neno boni, wema, halikupima moyo wa mtu. Lilikuwa jina la wenye mali na heshima zao, waliotaka mambo yabaki yalivyo. Wengi waliomfuata Catilina walikuwa wamelemewa na madeni, na hawakuingia katika hesabu ya wema. Tarehe 5 Desemba watano kati ya washirika wa njama hiyo waliuawa bila kufikishwa mahakamani, muafaka wa wema ukiwa ndio ngao. Miaka 20 baadaye, Desemba 43 KK, Cicero mwenyewe aliuawa baada ya jina lake kuwekwa kwenye orodha ya wanaotakiwa kufa. Orodha hiyo ilitolewa na Antonius, Lepidus na kijana ambaye baadaye angeitwa Augustus. Kichwa cha Cicero kikatundikwa kwenye jukwaa la hotuba la Roma, na aliyeshiriki kuidhinisha orodha ndiye aliyekuja kuchongesha kwamba alikuwa na consensus ya watu wote.

Angalia sarufi ya madai hayo mawili. Kilatini huonyesha mwenye kitu kwa kiishio, kama sisi tunavyotumia "wa" na "ya". Bonorum, ya wema. Universorum, ya wote. Kiishio hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikiamua nani yumo na nani yuko nje. Na katika sentensi ya Augustus consensus haitendi chochote. Imewekwa baada ya per, kwa njia ya, kama daraja la kupitia. Mtendaji ni yeye. Watu wote wapo ili apite juu yao.

Wanasheria wa Roma waliliheshimu neno hili kuliko wanasiasa. Gaius, aliyefundisha sheria katikati ya karne ya 2 BK, alieleza kwamba kuna mikataba minne inayofungika kwa consensus peke yake: kuuziana, kukodishana au kuajiriana, ushirika wa biashara, na kumtuma mtu akufanyie jambo. Kitabu chake kilipotea kwa zaidi ya miaka elfu, hadi mwaka 1816 mwanahistoria Barthold Georg Niebuhr alipogundua katika maktaba ya Verona kwamba chini ya nakala ya barua za Mtakatifu Hieronimo kuna maandishi yaliyofutwa ili ngozi itumike tena, na maandishi hayo ni ya Gaius. Kabla ya mikataba hiyo minne, na hata pembeni yake, Mroma alifungwa na maneno rasmi ya swali na jibu yaliyosemwa ana kwa ana, au na kitu kilichokabidhiwa mkononi. Hii minne haikudai karatasi wala maneno maalumu. Watu walio mbali waliweza kuifunga kwa barua au kwa mjumbe, ilimradi nia zao zimekutana.

Kwa mtu wa soko la Kariakoo au Gikomba hilo ni jambo la kila siku, naye halioni kama ugunduzi. Lakini lilikuwa kubwa. Sheria ilikubali kwamba kitu kisichoonekana, hisia ya watu wawili kuelekea jambo moja, kina nguvu ya kumfunga mtu. Na Gaius anaongeza, akizungumzia ushirika wa biashara, kwamba unadumu kwa muda ule tu ambao washirika wanaendelea kuhisi vile vile. Mmoja akijitoa, ushirika umevunjika. Hapo ndipo jina la kundi la nne linapoonyesha tabia yake. Consensus ni tendo, na tendo likikoma hakuna kilichobaki, hata kama sahihi zipo kabatini.

Ndoa ndiyo iliyolipa neno hili heshima yake ya juu kabisa. Ulpianus, mwanasheria wa mapema karne ya 3, alifundisha kwamba kinachofanya ndoa ni consensus, si kulala pamoja. Kanisa la Roma lilirithi fundisho hilo, likalibishania vikali katika karne ya 12. Gratianus wa Bologna alitaka kukubaliana kukamilishwe na tendo la ndoa. Petrus Lombardus wa Paris alisema maneno ya kukubaliana yanatosha, mradi yawe ya wakati uliopo. Papa Alexander III aliegemea upande huo wa pili. Mhispania au Mwingereza wa wakati huo aliyemwambia msichana "nakuoa" alikuwa ameoa. Aliyesema "nitakuoa" alikuwa ameposa tu. Maisha ya watu yalipimwa kwa kitu ambacho Kiswahili kingekiita tofauti ya -na- na -ta-.

Matokeo yake yaliwagusa walio chini kabisa. Papa Hadrian IV, katika karne hiyo hiyo, aliamua kwamba watumwa waliofunga ndoa wamefunga kweli, hata kama mabwana zao walikataa. Mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye mtu, wote waliambiwa kwamba kuna jambo moja wasiloweza kukubali wala kukataa kwa niaba ya mwingine. Ndoa za siri zikazidi, hadi Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukadai paroko na mashahidi wawili. Hata hivyo msingi haukuguswa, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inaurudia: ndoa hufanywa na consensus ya wahusika, na hakuna mamlaka ya binadamu yanayoweza kuijazia pale isipokuwepo. Katika sentensi ya Kilatini ya kanuni hiyo consensus ndiyo kiima. Yenyewe ndiyo inayotenda, na wenyewe wametajwa, partium, ya wahusika. Padre anayesimama mbele ya maharusi wa Kikatoliki pale Songea au Kisumu anauliza, anapokea, anashuhudia. Wanaofunga ndoa ni wale wawili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45, nayo imeijenga ndoa juu ya hiari ya wanaooana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya hiari ya kila mmoja, lakini vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilisema vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Nalisema bila kupepesa: ridhaa ya baba haikuwa na haki ya kukaa kwenye kiti cha ridhaa ya binti hata siku moja. Sheria ilikuwa na neno "ridhaa" ndani yake, neno zuri, lenye heshima. Kilichokuwa kibovu ni kile kiungo kidogo kinachofuata, "ya", na mtu aliyewekwa mbele yake.

Vipi kuhusu anayenyamaza? Papa Boniface VIII alitoa mwaka 1298 kitabu cha sheria kilichofungwa na kanuni fupi 88. Ya 43 ndiyo inayonukuliwa na kila mwenye haraka: anayenyamaza anaonekana amekubali. Ya 44, inayofuata hapo hapo, haipati bahati hiyo. Inasema anayenyamaza hakiri, ingawa pia haonekani kukana. Na nyuma kidogo iko ya 29: jambo linalowagusa wote sharti liidhinishwe na wote. Asili ya hiyo ilikuwa ndogo, amri ya Kaisari Justinianus ya mwaka 531 kuhusu walezi kadhaa wa yatima mmoja, lakini ilikua hadi Mfalme Edward I wa Uingereza akaitaja mwaka 1295 alipowaita maaskofu bungeni. Waswahili nao hawakuamini kwamba kimya ni ridhaa. Walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ulimwengu wa leo, hata hivyo, umejengwa zaidi juu ya ile ya 43. Umoja wa Mataifa unaposema azimio limepita kwa consensus, maana yake ni kwamba halikupigiwa kura na hakuna aliyesimama kulipinga. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha mwaka 1999 unasema maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yatakuwa kwa consensus. Sioni ubaya wa kanuni hiyo kati ya mataifa, kwa sababu kila nchi ina bendera mezani na asiyetaka anaonekana. Ubaya unaingia kanuni hiyo hiyo inaposhushwa kwenye kikao cha wazazi wa shule, cha kijiji au cha ushirika.

Kila aliyekaa katika vikao hivyo anajua vinavyokwenda. Mwenyekiti anasoma hoja ya mchango mpya. Anauliza kama kuna mwenye swali, na mkono wa mama mmoja nyuma unanyanyuka nusu, kisha unashuka kwa sababu amegeukiwa na macho ya meza kuu. Makofi yanapigwa. Katibu, ambaye kalamu yake ilishaanza kutembea kabla ya makofi, anaandika: "Wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja." Yule mama atalipa mchango huo, na akichelewa ataambiwa alikuwepo na alikubali. Bungeni Dodoma walau taarifa rasmi huandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa, na Spika husema walioafiki wameshinda. Wameshinda maana yake kuna walioshindwa, na hilo linaheshimu ukweli. Kwa vikao vyetu vya mitaani nataka jambo moja: muhtasari utaje waliokuwepo ni wangapi, walioafiki ni wangapi, na aliyepinga alisema nini. Katibu asiruhusiwe kuandika "wote" kwa niaba ya mtu yeyote.

Zanzibar inajua uzito wa haya kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani yetu. Muafaka wa kwanza, wa mwaka 1999, ulikuwa wa vyama vya CCM na CUF. Uchaguzi wa 2000 uliuvuruga, na Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi. Muafaka wa pili ulisainiwa Oktoba mwaka huo, nao ulikuwa wa vyama viwili vile vile. Kisha mwaka 2009 Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana, na safari hii jambo halikuishia mezani kwao. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo na waliobaki walisema hapana. Muafaka huo ukiuliza ni wa nani unapata jibu lenye idadi, na waliokataa wamo ndani ya jibu. Uchaguzi wa Oktoba ulipita kwa utulivu, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yalifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ikaundwa bila upande wa pili. Vifungu vya katiba vilivyotokana na kura ile vilikuwa pale pale, na sahihi za viongozi zilikuwa pale pale. Ni kuendelea kuhisi vile vile, kama Gaius alivyowaambia wafanyabiashara wa Roma, ndiko kulikokuwa kumekoma.